Fundi wa Kuvuta na Kutetemeka

Kabla hajakusalimia, alikuwa ameshachuchumaa kando ya tairi lako la mbele. Wewe ungesimamisha gari, ungefungua mlango, ungeanza kutafuta maneno ya kueleza shida iliyokuleta, na yeye yuko chini huko, kiganja kimelala juu ya tairi, anakipitisha taratibu kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje na kurudi, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe anayetaka kumnunua. Kisha angetoa kipimo cha upepo katika mfuko wa shati, mahali ambapo walimu huweka kalamu, apime magurudumu yote manne pamoja na lile la akiba. Ndipo ainuke, apanguse mkono kwenye suruali, aseme, "Haya. Habari ya nyumbani?"

Nilimjua kwa miaka kama ishirini hivi. Alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati pembezoni mwa Kaptembwo, hapa Nakuru. Hakuwa fundi wa kila kitu. Injini ikifa alikuelekeza kwa mwingine, na nyaya za umeme hakuzigusa kabisa. Yeye alishughulika na usukani, magurudumu na breki, basi. Ukiwa na gari linalotetemeka au linalovuta upande, hasa gari la zamani ambalo mafundi wengine wamelichoka, uliambiwa umtafute yeye. Siku hizi yuko Naivasha, anatunza malori ya shamba moja la maua, nami nimeona niandike habari zake wakati kumbukumbu bado zimeshikamana. Alizaliwa wapi na watu wake ni kina nani, sikuwahi kumuuliza, naye hakuniuliza yangu. Tulikutana kwenye gari, tukabaki hapo.

Ni lazima nieleze gari hilo lilikuwa na maana gani kwangu, maana bila hilo huwezi kumwelewa fundi huyu wala deni langu la shukrani kwake. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilipostaafu ualimu, mchungaji wetu alinikabidhi kazi ya kuwapelekea Meza ya Bwana watu wasioweza kutoka nyumbani: waliovunjika nyonga, waliopofuka, waliolala kitandani kwa miaka. Walikuwa saba, wametawanyika kati ya Njoro na Elburgon, wengine ndani kabisa ambako bodaboda hukataa kwenda mvua ikinyesha. Kila Alhamisi niliwazungukia kwa stesheni wagoni yangu ya rangi ya maziwa, kikapu cha mkate na divai kikiwa kimefungwa mkanda kwenye kiti cha kando. Sikuwa na mtu wa kunishikia zamu. Gari likilala, Alhamisi hiyo watu saba walikaa na kungoja hadi wakalala pia. Fundi alilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu alinihudumia kwa ukali ambao mtu wa pembeni angeudhania dharau.

Siku ya kwanza nilifika kwake na maneno ya watu wengine mdomoni. Nilimwambia boljointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele, zimeisha, nataka zibadilishwe.

"Nani amekuambia?"

"Fundi mmoja wa mjini. Na jirani yangu pia."

"Jirani yako ni fundi?"

"Hapana. Analima pareto."

"Basi mwache na pareto yake. Mzee, usiniambie ugonjwa. Niambie unasikia nini, unasikia wapi, na unasikia lini."

Nilikuwa nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunirudisha darasani kwa haraka namna hiyo. Nikaanza upya. Nikamwambia kwamba nikifika mwendo wa themanini usukani unatetemeka mikononi mwangu, nikipita mia unatulia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtu anayemfahamu. Akaniuliza kama mtetemeko unaongezeka nikikanyaga breki. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nausikia mikononi au kwenye kiti. Mke wangu alikuwa amekaa ndani ya gari, dirisha liko wazi, lakini hilo halikumzuia.

"Ikitetemeka mkononi, tunaangalia mbele. Ikitetemeka makalioni, tunaangalia nyuma. Sasa ni wapi?"

"Mkononi," nikasema kwa sauti ya chini.

"Mama, na wewe unasikia makalioni?"

Mke wangu alicheka hadi akajifunika uso kwa leso. Ilikuwa gurudumu la mbele kushoto. Risasi ndogo ya kusawazisha uzito ilikuwa imedondoka kwenye rimu. Boljointi hazikuwa na neno. Tulikwenda nazo nyumbani zile zile, na zilidumu miaka mingine minne.

Lakini jambo alilojulikana nalo zaidi ni lile la maneno mawili. Watu wengi wakifika walisema, "Stering inanisumbua," yaani usukani. Hakukubali sentensi hiyo. Alikuuliza, "Inavuta ama inatetemeka?" Na ukijibu kwamba inafanya yote mawili, alikunja uso.

"Hakuna yote mawili. Hizo ni kesi mbili. Anza na moja."

Kwenye bati moja la ukuta wake alikuwa amechora mstari kwa chaki kutoka juu hadi chini. Upande mmoja aliandika V, upande wa pili T. Ulipokuwa unaeleza, alipeleka kila jambo upande wake: inakwenda kushoto yenyewe, V; inatikisika ukifunga breki, T; inavuta zaidi baada ya kushuka mteremko, V. Alisema mafundi wengi hupoteza siku nzima kwa kuchanganya mambo hayo. Gari linaletwa linavuta na kutetemeka, fundi anapata sababu ya kuvuta, anafurahi, anaifunga kazi, na kutetemeka kunarudi nyumbani na mwenyewe. "Moja inajificha nyuma ya nyingine," aliniambia. "Na ile inayojificha ndiyo itakuangusha."

Nimesikia mahubiri mengi yasiyo na uzito wa maneno hayo, na mengine niliyahubiri mimi.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa viazi, aliyekuwa akibeba mzigo kutoka pande za Elburgon kwa pikapu yake. Alifika Kaptembwo siku moja akiwa na hasira tayari, anatafuta mtu wa kumshukia. Pikapu ilikuwa inatetemeka kiasi cha kumtoa meno, na alikuwa ameshapita gereji tatu. Wamembadilishia tairodi za usukani, wamembadilishia shokabsoba, na wa mwisho amemwambia auze gari.

"Ilianza lini?" fundi akamuuliza.

"Ijumaa ya juzi."

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Shambani, kuchukua viazi. Nilikwama kwa matope hadi saa kumi."

Fundi alichukua kijiti na ndoo ya maji, akalala chini ya pikapu kwa mgongo. Tukasikia anakwangua. Vikaanza kuanguka vipande vya udongo mwekundu uliokauka, vigumu kama matofali, vimegandamana upande wa ndani wa rimu mahali ambapo jicho halifiki. Udongo wa milima ya Mau ukikaukia upande mmoja wa gurudumu, gurudumu linazunguka kama mtu anayechechemea. Alipomaliza alimwambia mama aende hadi njia panda na kurudi. Mama alirudi anaendesha kwa mkono mmoja.

"Umenifanyia nini?"

"Nimekuoshea miguu," fundi akasema.

Mama huyo alimletea gunia la viazi kila msimu tangu siku hiyo. Akifika alipiga kelele kutoka langoni, "Wapi huyo mwosha miguu?"

Jirani yake wa karibu alikuwa Singasinga mmoja mwenye duka la vipuri, mzee wa kilemba cha buluu aliyezaliwa Nakuru na kuizungumza lugha yetu vizuri kuliko vijana wetu. Walitaniana kama mashemeji. Mzee huyo alikuja hadi kwenye uzio wa mabati, akaweka viwiko juu, akaanza.

"Wewe fundi, mimi nitakushtaki. Mtu ananunua tairodi kwangu asubuhi, saa sita anarudisha. Ati fundi amesema hakuna shida."

"Muuzie kipimo cha upepo."

"Kipimo nauza moja kwa mwaka! Tairodi ndio inasomesha mjukuu."

"Basi mjukuu asome polepole."

Ukweli ni kwamba huyo Singasinga mwenyewe hakukubali mtu mwingine aguse pikapu yake.

Juu ya ile kazi ya kunyoosha magurudumu kwa mashine, ambayo wote tunaiita alaimenti, alikuwa na msimamo ambao ulimkosanisha na wengi. Dereva wa Nakuru gari likivuta kidogo tu, anakimbilia alaimenti. Fundi alisema huko ni kuanzia mwisho. Kama bushi, zile raba za viungo, zimelegea, ukinyoosha leo, kesho magurudumu yamepinda tena. Kama tairi lenyewe ndilo bovu, umenyoosha bure. Alitaka kwanza upepo uwe sawa, kisha matairi, kisha breki, kisha viungo vyote, ndipo mashine. Siku moja alinitafutia mfano wa nyumbani kwangu.

"Mzee, alaimenti ni kama ile baraka mnatoa mwisho wa ibada. Unaweza kuanza nayo?"

"Haiwezekani. Watu wangeenda nyumbani."

"Ndio hivyo. Wanaenda nyumbani, na gari bado inavuta."

Tena alikuwa na desturi ya kutoamini barabara. Mwalimu mkuu mmoja rafiki yangu aliapa kwamba gari lake linavuta kushoto. Fundi alilipeleka kwenye uwanja wa saruji wa ghala moja la mahindi, mahali tambarare kabisa, akaachia usukani, gari likaenda moja kwa moja kama limechorewa mstari. Akamweleza kwamba barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji ya mvua yatoke, na kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, kila gari lina mwelekeo wa kuteremka huko kidogo. Mwalimu mkuu hakufurahi. Alikuwa amejiandaa kuambiwa ana ugonjwa. Nimegundua kwamba kumwambia mtu gari lake ni zima kunahitaji ujasiri zaidi kuliko kumwambia ni bovu.

Sasa nieleze kosa langu, maana lisipoandikwa hapa wengine watalisimulia vibaya zaidi.

Muumini mmoja wa kanisa letu alipata gari, si jipya, lakini jipya kwake. Aliniomba nije niliombee. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Watu hukusanyika, huimba, mzee huomba, na gari hupakwa mafuta. Nilikuwa na bidii siku hiyo. Niliomba juu ya boneti, nikaomba juu ya usukani, na kwa kuwa ajali zilikuwa nyingi barabara ya Nakuru kwenda Nairobi, nikaona nisiyasahau magurudumu. Nikalimiminia gurudumu la mbele kushoto mafuta ya kutosha, watu wakasema amina. Chupa ikaishia hapo, mengine sikuyafikia.

Juma lililofuata mtu huyo alinipigia simu, sauti imepanda. Akifunga breki, gari linaruka kulia. Nilimpeleka kwa fundi mimi mwenyewe. Fundi alisikiliza, akaandika V kwenye bati, akauliza kama ni wakati wa breki tu. Ndiyo, wakati wa breki tu. Akalitoa gurudumu la kushoto. Akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa. Akanitazama.

"Mzee, hii ni mafuta ya zeituni?"

Nilijua papo hapo. Nikaeleza. Yule muumini alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sasa breki ya kulia inashika, ya kushoto inateleza," fundi akasema, bila kucheka. "Ndio maana inaruka kulia. Mzee, mimi sikatazi maombi. Lakini ukiombea magurudumu, omba ukiwa umesimama mbali."

Alisafisha diski, akabadilisha pedi, kazi ikaisha. Hakumsimulia mtu yeyote. Niliyesimulia ni mimi, mimbarini, Jumapili iliyofuata. Tangu hapo mafuta ninayaweka kwenye paa, tone moja.

Usidhani alikuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mwepesi wa kukasirika, na akikasirika hakuongea. Alikuachia gari lako juu ya jeki akaenda kunywa chai. Kanisani alifika harusi na mazishi tu. Na kuna jambo moja lililonichekesha kwa miaka yote hiyo. Mtu huyu aliyechukia kubahatisha, aliyeweza kumfukuza fundi mwenzake kwa kusema "nadhani ni bushi", kila Jumamosi alikuwa na simu mkononi anabashiri mechi za Ulaya. Nilimuuliza jinsi anavyopatanisha mambo hayo mawili.

"Hiyo ni mpira," akanijibu. "Mpira haiui mtu kama nimekosea."

"Lakini umewahi kupata?"

"Mzee, wewe umewahi kuniona nikiendesha gari yangu?"

Hakuwa na gari. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake, na jioni alirudi kwa miguu, kipimo cha upepo mfukoni.

Niliwahi kumhubiria mara mbili au tatu, kwa uaminifu, kama inavyonipasa. Alinisikiliza vizuri. Mara ya mwisho aliniuliza swali ambalo bado ninalo: kwa nini watu wa kanisa wakiulizwa shida yao husema "tuombeane", lakini hawasemi ilianza lini? Nilimwambia nitalifikiria.

Na sasa nifike kwenye ile safari ya mwaka jana.

Gari langu lilianza kuvuta kushoto, na usukani ukawa unatetemeka. Ndivyo nilivyojieleza mwenyewe, na ndivyo nilivyomweleza mke wangu. Wakati huo watoto wetu walikuwa wameanza maneno ya pembeni: baba ana zaidi ya miaka sabini, baba aache kuendesha, kule juu kuna ukungu. Niliwajibu kwamba wakinipatia mtu mwingine wa kuwapelekea watu saba Meza ya Bwana, nitaacha siku hiyo hiyo. Walinyamaza, nami nikajiona nimeshinda. Lakini nikiri hapa: nilikuwa nimeona kwamba siku hizi napendelea vikombe vyenye mdomo mpana nikimimina divai, vile vidogo naviacha. Nilijiambia ni kwa sababu ya mwanga.

Nilifika Kaptembwo saa nne asubuhi. Alikuwa amezeeka kidogo naye, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Alipapasa matairi, akapima upepo, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akaketi kiti cha kando, mimi nikaendesha. Ndivyo alivyofanya siku zote. Alitaka kuona mwenye gari anavyoliendesha kabla yeye hajaligusa. Tukashika barabara ya Njoro.

"Inavuta ama inatetemeka?"

"Wewe utanikasirikia. Yote mawili."

"Anza na moja."

"Inavuta kushoto. Zaidi baada ya kufunga breki. Halafu inaachia polepole."

"Vizuri. Ya pili."

"Inatetemeka mkononi."

"Lini?"

"Wakati wote."

"Hamsini? Themanini?"

"Wakati wote, fundi."

Kwa mwendo wa kilomita moja hivi alilisikiliza gari. Alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, na mguu mmoja ameuvua kiatu, ameukanyagisha sakafuni. Kisha akaniambia niegeshe kando, mahali penye kivuli. Nikaegesha.

"Zima injini."

Nikazima. Ukaja ule utulivu wa barabarani, upepo tu na ng'ombe fulani mbali.

"Shika stering na mikono miwili, vile unaendesha."

Nikashika.

"Bado unasikia?"

Gari lilikuwa limesimama, injini imezimwa, na usukani ulikuwa unatetemeka mikononi mwangu kama mwanzo.

"Bado," nikasema.

Hakuitazama mikono yangu. Nataka hilo lijulikane. Alitazama mbele, kupitia kioo, kama vile bado tunasafiri. Kisha alishuka, akazunguka, akagusa rimu ya kulia, akagusa ya kushoto, akaondoa mkono upesi. Akarudi, akaketi.

"Rimu ya kushoto ni moto. Mpira wa breki umezeeka kwa ndani, ukifunga breki mafuta yanaingia, kurudi hayarudi. Kuvuta ni kwa gari. Hiyo nitamaliza." Akavaa kiatu. "Kutetemeka si kwa gari."

"Wewe ni fundi wa magari," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ndio. Na hii si ya kwangu. Ndio maana nakutuma kwa mwenyewe. Ilianza lini?"

"Sijui."

"Mzee."

Nikashusha pumzi. "Mvua za mwaka juzi."

"Mkono gani?"

"Wa kulia zaidi."

"Ukiwa unafanya kitu, ama ukiwa umetulia?"

"Zaidi ukiwa umetulia. Hata kanisani, juu ya goti."

"Sasa hapo umesema. Mwambie daktari hivyo hivyo. Usimwambie ugonjwa."

Nilimuuliza kuhusu watu wangu saba. Nilitegemea, na Mungu anisamehe, kwamba swali hilo litamnyamazisha kama lilivyowanyamazisha watoto wangu.

"Wanangoja gari, ama wanakungoja wewe?"

"Wananingoja mimi."

"Basi kaa upande huu," akasema, akafungua mlango. Tukabadilishana viti, akanirudisha nyumbani yeye. Langoni alimkabidhi mke wangu funguo za nyumba zilizokuwa pamoja na za gari, za gari akabaki nazo. Mke wangu alizipokea, akamwambia, "Asante, fundi. Mimi niliona tangu zamani, nikaogopa kusema."

"Hata yeye alikuwa anajua, mama," akasema, akaondoka na gari.

Jumatatu alinipigia simu: "Imeisha." Neno hilo hakulitumia ovyo. Alilisema tu akiwa ameshalipandisha gari kilima mwenyewe na kulishusha, ameshafunga breki mara ishirini, ameshagusa rimu zote. Jumanne nilikwenda kwa daktari, nikamweleza lini, wapi, mkono gani. Daktari alisema ni wagonjwa wachache wanaojieleza hivyo. Akanipa jina la ugonjwa, akanipa dawa, akaniambia nisiendeshe hadi aone dawa inavyofanya kazi. Binti yangu alikubali kuniendesha siku za Alhamisi, ila kazini kwake wangemwachilia kuanzia juma lililofuata. Alhamisi ya kwanza ikabaki haina mtu. Niliwaza kuwapigia simu wale saba, nikashindwa kuanza.

Jumatano alasiri simu ikalia.

"Mzee, hii gari sijairidhia. Inataka kilima kirefu. Kesho uko na safari ya Elburgon?"

"Ulisema imeisha."

"Nimesema sijairidhia. Saa mbili niko kwa gate."

Alifika saa mbili kasoro, na shati safi. Tulipanda polepole, kikapu nimekishika magotini. Gari halikuvuta hata kidogo. Katika nyumba sita za kwanza alibaki nje, ameegemea boneti. Ndani, kila mahali, niliomba mtu wa nyumbani anishikie kikombe wakati mimi nasema maneno, na hakuna aliyeona ajabu. Divai haikumwagika.

Nyumba ya saba ilikuwa ya bibi mmoja wa Elburgon, mjane wa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, ambaye macho yake yalishazima lakini masikio hayakupitwa na kitu. Tulipomaliza, alijifuta midomo, akaniuliza, "Leo umeletwa na nani? Gari ni lako, mwendo si wako."

Nikamwambia. Akaagiza fundi aitwe ndani anywe chai. Akaingia, akaketi karibu na mlango, kofia mkononi, mke wa mtoto wa yule bibi akampa kikombe.

"Wewe ndiye dereva mpya?" bibi akamuuliza.

"Hapana, shosho. Mimi ni fundi. Najaribu gari."

"Ina shida gani?"

Akakoroga chai kwa muda mrefu, ingawa sukari ilikuwa imetiwa jikoni.

"Ilikuwa inavuta. Nilimaliza Jumatatu."

"Ikapona?"

"Ikapona kabisa."

"Sasa leo unajaribu nini?"

Nilimtazama. Huyu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa na jibu la mfanyabiashara wa viazi, la mwenye duka, la mwalimu mkuu na la mzee wa kanisa, alitazama mlango, akatazama gari huko nje, akatazama sakafu. Kisha akakimaliza kikombe kwa mkupuo mmoja na kumnyooshea yule mkaza mwana wa bibi.

"Chai yenu ni tamu," akasema. "Niongezee kidogo."